Watu Arobaini na Watatu, Choo Kimoja

Jumatatu ya wiki ya mwisho ya uhakiki, karani wa daftari la wapigakura alifanya jambo ambalo hakuna kanuni iliyomwagiza kulifanya. Aliyatoa majina yote katika mpangilio wa alfabeti, akayapanga upya kwa kufuata namba za nyumba. Kazi hiyo ilimchukua tangu ofisi ya kata ilipofunguliwa hadi jua lilipohama dirisha la mashariki. Mezani pake palikuwa na chupa ya gundi, kisahani cha pini, kidau cha wino wa muhuri na rula ya mbao iliyompatia jina. Watu wote wa ofisi, kuanzia msimamizi hadi mfagizi, walimwita Bi Rula, kwa kuwa katika miaka ishirini na sita ya ukarani hakuwahi kufuta jina la marehemu kwa mkono mtupu. “Hata maiti,” alikuwa akisema, “ana haki ya kufutwa kwa mstari ulionyooka.”

Alfabeti ni rafiki mkubwa wa mjanja. Huwatawanya watu wa nyumba moja katika kurasa sitini, huyu mwanzoni, yule katikati, wa tatu mkiani, hata jicho la karani lipite juu yao lisitambue kuwa wametoka kapu moja. Bi Rula alipomrudisha kila mtu mlangoni kwake, nyumba nyingi zilitoa watu watatu, watano, au saba pale wakwe walipohamia. Nyumba namba kumi na saba ikatoa arobaini na watatu.

Akahesabu tena, akiweka ncha ya rula chini ya kila jina. Arobaini na watatu. Akavua miwani, akaipangusa kwa upindo wa mtandio, akahesabu mara ya tatu, maana hesabu ya kwanza huweza kuwa ya macho na ya pili huweza kuwa ya hasira. Hakupungua hata mmoja.

Nyumba hiyo aliijua kama anavyokijua kiganja chake. Ilikuwa ya shemeji yake, mume wa mdogo wake wa mwisho, bwana mnene, mcheshi, mwenye mikono isiyotulia, ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Mipango. Ilikuwa na vyumba vitatu, sebule, kibanda cha uani alichopanga mshona viatu, na choo kimoja. Walioishi humo walikuwa wanne: Bwana Mipango, mkewe, mama yake mzazi, na huyo mshona viatu. Wale thelathini na tisa waliosalia Bi Rula hakuwahi kuwaona hata msibani.

Sasa, uchaguzi uliopita wa diwani uliamuliwa kwa kura thelathini na moja. Safari hii Bwana Mipango alikuwa mpiga debe mkuu wa mgombea mmoja tajiri, ambaye wapambe walikwisha kumwita Mheshimiwa Mtarajiwa ili jina limkae mapema. Na huyo Mtarajiwa mwenyewe alikuwamo miongoni mwa wale arobaini na watatu. Alikuwa wa ishirini na nane, ingawa kila aliyekuwa na macho alilijua jumba lake la ghorofa mbili ng’ambo ya mto, katika kata nyingine kabisa. Sheria ilitaka diwani atoke katika kata anayogombea. Kwa barua moja ya mwenye nyumba, Mtarajiwa alikuwa amevuka mto bila kulowa.

Ijumaa, saa kumi alasiri, Bi Rula alitakiwa kutia sahihi katika ukurasa wa mwisho, chini ya maneno haya: *Nathibitisha kuwa yaliyomo humu ni kweli.* Hakuwahi kutia sahihi chini ya uongo. Alikuwa na miaka hamsini na tisa, na hakuona sababu ya kujifunza ukubwani.

Akamwendea msimamizi wake, mtu mwema aliyependa kila jambo liishe.

“Mama, barua za mwenye nyumba zipo?” msimamizi aliuliza.

“Zipo, bwana. Zote mwandiko mmoja, wino mmoja. Hata doa la mafuta ni moja, limepenya kutoka ya juu hadi ya chini.”

“Sheria haikuuliza doa. Imeuliza barua. Mwenye nyumba akiandika kwamba fulani anaishi kwake, tunamwandika. Akiandika kwamba haishi, tunamfuta. Hapo katikati wewe na mimi hatuna kalamu.”

“Na nisipotia sahihi?”

“Atatia mwingine, nawe utapumzika nyumbani kabla ya siku zako.” Msimamizi alitazama dari kana kwamba uamuzi huo umeandikwa huko. “Usijitie shida, mama. Hao ni majina tu.”

“Majina tu ndiyo kazi yangu, bwana,” alisema Bi Rula, akatoka.

Jambo likawa wazi kama mchana. Mkono ulioyaingiza majina yale ndio pekee ulioweza kuyatoa, na mkono huo ulikuwa wa shemeji.

Jumanne asubuhi akaenda namba kumi na saba. Bwana Mipango alikuwa barazani, juu ya vigae vipya vilivyong’aa kiasi cha mtu kuona meno yake ndani yake. Ukutani nyuma yake ilibandikwa picha ya Mtarajiwa akicheka.

“Ala! Leo serikali imenitembelea kwa miguu yake! Karibu, shemeji, keti. Vigae hivi havijakaliwa na karani.”

“Sijaja kukaa. Nimekuja kuwaona wapangaji wako.”

“Mpangaji wangu si yule pale anagonga soli?”

“Huyo namjua. Nawataka wale thelathini na tisa.”

Bwana Mipango hakupepesa. “Aa, hao! Wametoka. Watu wa kazi hao, shemeji, si wa kushinda ndani.”

“Wanalala wapi?”

“Kwa zamu. Wa kazi za usiku wanalala mchana, wa mchana wanalala usiku. Tena wengi wao ni wembamba.”

Pembeni ya mlango aliketi mama mzazi wa Bwana Mipango. Masikio ya kikongwe huyo yalikuwa yamechoka, lakini yalikuwa na tabia ya kuzinduka kila palipotajwa jambo asilotakiwa kulisikia.

“Wembamba nani?” aliuliza.

“Wapangaji, mama,” Bi Rula alimwinamia. “Thelathini na tisa. Mwanao anasema wanaishi humu.”

“Thelathini na tisa! Na hakuna hata mmoja anayenisalimia?” Kikongwe alimgeukia mwanawe. “Wafukuze, mwanangu. Hao hawakulelewa.”

Kutoka uani, ambako alikuwa akianua nguo, mdogo wake Bi Rula akapaza sauti: “Dada, ukiwakuta hao watu waambie waje wachukue mashuka yao. Mimi hapa nafua ya watu watatu, na nimechoka!”

“Wewe mwanamke, shughulika na kamba yako!” Bwana Mipango alicheka, lakini alipomtazama tena Bi Rula kicheko kilikuwa kimebaki mdomoni tu. “Shemeji, tusizungushane. Undugu ni undugu, kazi ni kazi. Barua nimeziandika mwenyewe. Niandike nyingine za kujikanusha kwa faida gani? Nipe sababu moja.”

Bi Rula alijitanda mtandio upya. Aliaga akaondoka, akitembea katikati kabisa ya njia kama kawaida yake.

Sababu ilimjia Jumatano asubuhi, na ilikuwa ng’ambo ya ukumbi wa ofisi yake mwenyewe, nyuma ya mlango ulioandikwa AFYA. Humo alikuwamo bibi afya mpya, binti mwembamba aliyehamishiwa hapo miezi miwili tu iliyopita, mwenye futikamba mpya, vigingi vipya na ari ambayo bado haijapata mtu wa kuizima. Alikuwa akilalamika peke yake hadi Bi Rula alipochungulia mlangoni.

“Mama, hivi kweli kazi inafanyika hivi? Nimeambiwa nihakikishe kila nyumba ina choo kimoja kwa kila watu wazima kumi. Lakini hakuna anayenieleza nyumba ipi ina watu wangapi! Nikiuliza, baba mwenye nyumba ananiambia wako wawili, na viatu mlangoni jozi tisa.”

Bi Rula aliingia, akaufunga mlango. Kisha akauliza, taratibu sana: “Mwanangu, sheria yako inaamini karatasi gani?”

“Yoyote yenye muhuri wa serikali.”

“Ubaoni pale nje pana orodha yenye muhuri. Imetundikwa ili kila raia aisome. Nami nimeipanga kwa namba za nyumba.”

Macho ya bibi afya yakawaka. “Kwa namba za nyumba? Mama, wewe ni malaika!”

“Mimi ni karani. Tena nisikilize vizuri: sikukuambia kwamba watu hao wanaishi humo. Nimekuambia kwamba imeandikwa hivyo.”

Akarudi mezani kwake akaichunguza dhamiri yake kama mtu anayekagua mfuko kama una tundu. Hakuona tundu. Orodha ilikuwa ya umma, sheria ya vyoo ilikuwa ya nchi, na bibi afya alikuwa na macho yake. Hata hivyo, kwa miaka ishirini na sita Bi Rula alikuwa akila chakula cha mchana ofisini, na siku hiyo akaona ni vema anyooshe miguu.

Alipofika karibu na namba kumi na saba, majirani walikwisha kujipanga kandokando ya ua kama wanaotazama mpira. Bibi afya alikuwa amepiga magoti, akivuta futikamba.

“Watu wazima arobaini na watatu,” alikuwa akisema huku akiandika. “Hao ni vyoo vitano. Kipo kimoja. Mzee wangu, unadaiwa vyoo vinne katika siku kumi na nne. Zikipita, nyumba inafungwa kwa kuwa haifai kukaliwa na watu.”

“Vinne!” Bwana Mipango alishika kichwa kwa mikono miwili. “Binti yangu, nitaviweka wapi? Nivibebe mgongoni?”

“Nimekwisha kuvipatia nafasi. Viwili hapa uani, ukiondoa kamba ya nguo. Cha tatu hapa chini ya dirisha la chumba chako. Cha nne ndicho kilichonisumbua, maana ni lazima kikae mbali na jiko na mbali na kisima cha jirani.” Alizunguka upande wa mbele, akapima hatua, akachuchumaa juu ya vigae vinavyong’aa, akachora duara kubwa kwa chaki. “Hapa.”

“Hapo ndipo ninapopokea wageni!”

“Basi hawatasumbuka kuuliza kilipo.”

Majirani wakaangua kicheko. Mshona viatu alilazimika kuweka nyundo chini. Bwana Mipango alitazama duara, akatazama vigingi, kisha akamwona shemeji yake amesimama nyuma ya watu, uso umetulia kama maji ya mtungini.

“Binti yangu,” alimnong’oneza bibi afya, “kusema kweli hao watu… hawapo sana.”

“Hawapo sana ni wangapi?”

“Ni namna ya kusema.”

“Mimi sina namna ya kusema, mzee. Nina karatasi. Karatasi ikibadilika, nang’oa vigingi vyangu. Isipobadilika, mafundi waanze na hapa barazani.”

Alhamisi, Bi Rula alipofika kufungua ofisi, alimkuta shemeji yake amekwisha kutangulia, ameegemea mlango, na barua imekunjwa mkononi.

“Wamehama,” alisema kabla ya salamu.

“Nani?”

“Wote. Usiku mmoja. Ndiyo maisha ya wapangaji, shemeji. Haya, chukua nikapumzike.”

Bi Rula aliifungua. Iliandikwa kwa mwandiko ule ule, wino ule ule: *Watu wote mlionao katika orodha ya nyumba yangu hawaishi humo.*

Hapo shetani alimkalia begani, tena kwa adabu, kama mgeni. Angepiga muhuri tu, kazi ingekwisha. Wangetoka thelathini na tisa kwa pigo moja, Mtarajiwa akiwamo. Lakini wangetoka pia mdogo wake, na kikongwe, na mshona viatu, na huyu mjinga aliyesimama mbele yake bila kujua kwamba amejifukuza kwake mwenyewe.

“Na wewe umehamia wapi, shemeji?”

“Mimi? Mimi nipo.”

“Hapa umeandika hupo. Na mama yako hayupo. Siku ya kura nitamwambia nini yule mama, kwamba mwanawe amempeleka kusikojulikana?” Aliirudisha barua. “Daftari halijazwi kwa uongo, wala halipunguzwi kwa uongo. Kaa. Tutakwenda mmoja mmoja, na kila mmoja utaandika kwa mkono wako.”

Wakaenda mmoja mmoja. Bi Rula alisoma jina, kazi na umri. Kwa kila mmoja Bwana Mipango aliandika *yupo* au *hayupo* kwenye karatasi yake, akatia sahihi.

“Fundi bomba, miaka thelathini na mbili.”

“Hayupo.”

“Mapacha wawili, miaka ishirini na mmoja, mmoja amezaliwa Machi, mwingine Agosti.”

Bwana Mipango alikohoa. “Hawapo. Wote wawili.”

“Mkunga, miaka mia moja na nne.”

“Huyo… huyo hayupo kabisa, shemeji. Mungu amrehemu.”

“Alikufa akiwa mpangaji wako?”

“Naandika hayupo, basi! Endelea!”

Wakafika kwa wa ishirini na nane. “Mfanyabiashara,” Bi Rula alisoma, “miaka hamsini na mmoja.” Kisha akalitaja jina, nalo lilikuwa lile lililobandikwa ukutani barazani.

Kalamu ya Bwana Mipango ikasimama. Bi Rula alimwona akihesabu kwa vidole chini ya meza, na akaijua hesabu yenyewe kabla haijafika mwisho. Wanne na mmoja ni watano. Watano hawafiki kumi, na chini ya kumi choo kimoja kinatosha. Tabasamu likaanza upande wa kushoto wa uso wa shemeji, likasambaa hadi masikioni.

“Huyu anaishi,” alisema, akaandika *yupo* kwa herufi za kujivuna.

“Una hakika?”

“Shemeji, mtu unayekula naye humjui?”

Bi Rula alijisikia moyo ukimshuka, lakini uso haukupewa habari. Walipomaliza, alifungua saraka, akatoa fomu ya kijani ambayo wengi ofisini hawakujua kama bado ipo. “Vema. Kwa kuwa umetia shaka kwa wengine thelathini na wanane, aliyesalia inabidi akaguliwe makazi. Kesho saa tatu asubuhi nitakuja nyumbani kwake na ofisa mmoja wa serikali. Mkaguliwa awepo mwenyewe.”

“Atakuwepo!” Bwana Mipango alisimama akijifuta jasho. “Kwake si kwake?”

Siku hiyo hiyo, kabla jua halijazama, mtaa ulikiona kitanda cha futi sita kikipita juu ya vichwa vya wanaume wanne kuelekea namba kumi na saba. Nyuma yake lilifuata godoro, nyuma ya godoro taulo mbili, na nyuma ya taulo alikuja Bwana Mipango mwenyewe ameshika mswaki kama bendera. Bi Rula alikuwa dirishani akifunga ofisi. Alijua kwamba kesho saa kumi angeombwa sahihi, na kwamba kitanda kile kingemlazimisha athibitishe uongo.

Ijumaa saa tatu kamili akafika na bibi afya. Mtarajiwa alikuwa barazani, ameketi ndani ya duara la chaki ambalo halijafutika, amevaa nguo za kulalia za rangi ya samawati zenye mikunjo ya dukani. Kikaratasi cha bei kilimning’inia nyuma ya shingo. Majirani walikuwapo wote. Hakuna aliyekuwa na kazi siku hiyo.

“Karibuni nyumbani,” Mtarajiwa alisema akipiga mwayo mrefu. “Mmenikuta ndiyo kwanza naamka.”

Bi Rula akaanza kusoma fomu. “Mkaguliwa aoneshe mahali anapolala.”

Mtarajiwa akawaongoza hadi chumba cha cherehani. Kitanda kilikuwapo, shuka limevurugwa kitaalamu. “Hapa.”

“Mkaguliwa aoneshe mahali anapooga.” Akaonesha bafu, na taulo yake juu ya msumari, imelowa kweli. “Mkaguliwa awataje wakazi wenzake.” Akawataja wote wanne, mmoja mmoja, hata mshona viatu, na kikongwe akamwita mama.

“Huyu ndiye mpangaji?” kikongwe aliuliza. “Leo ndiyo siku ya kwanza ananisalimia.”

“Mama ana mzaha sana,” Mtarajiwa alisema. Bwana Mipango, nyuma yake, alikuwa akisugua mikono kama mtu anayenawa. Kila swali lilikuwa limetarajiwa. Bi Rula aliweka alama baada ya alama, na kila alama ilimwingia kama mwiba. Likabaki swali moja chini ya ukurasa. Akalisoma kwa sauti ile ile.

“Mkaguliwa aoneshe choo, mwenyewe, bila kuelekezwa.”

Mikono ya Bwana Mipango ikaganda.

Tangu Jumatano hakuna kitu kilichomnyima usingizi kama vyoo. Vyoo ndivyo vilivyomtoa jasho, ndivyo vilivyompeleka kwa shemeji yake alfajiri, ndivyo vilivyomfanya abebe kitanda mtaani mchana kweupe. Na katika mipango yake yote, hakukumbuka kumwonesha mgeni wake choo.

“Naam, choo,” alisema Mtarajiwa. Akatoka uani kwa hatua za mtu mwenye ardhi yake. Huko palikuwa na milango mitatu ya mabati, yote kazi ya fundi mmoja, yote ina kutu ya aina moja. Akasimama. Bwana Mipango akakohoa kuelekea kushoto.

“Mzee, usikohoe,” alisema bibi afya.

“Ni kifua!”

“Kikohoe baadaye.”

Mtarajiwa alitazama mlango wa kulia, akatazama wa kati. Akajirekebisha kola, akachagua wa kati, akauvuta kwa nguvu za mwenye nyumba, akaingiza mguu.

Kuku wanane walitoka kwa pamoja, jogoo akiwa wa mwisho, tena akitokea juu, kwenye kiwango cha uso. Mtarajiwa alirudi kinyumenyume, akakanyaga bakuli la maji, akakanyaga pia kile ambacho kuku hukiacha, na ndara moja ikabaki bandani. Ua mzima ulicheka. Mdogo wake Bi Rula alikaa chini kabisa, mgongo ukutani, akifuta machozi kwa shuka alilokuwa akilianika.

Mwenye akili angecheka nao. Mtarajiwa hakuwa amezoea kuchekwa bila kulipia. “Nyamazeni!” alifoka. “Mnacheka nini? Mimi nilale kwenye kibanda kama hiki? Mimi? Kuku wangu wanalala pazuri kuliko hapa! Hata kwa kulipwa nisingelala usiku mmoja kwenye zizi hili!”

Kicheko kilikatika. Katika ukimya huo masikio ya kikongwe yakazinduka.

“Amesemaje huyu,” aliuliza, “kuhusu nyumba ya marehemu baba yako?”

Bwana Mipango alitazama ukuta wa nyumba, ambao baba yake aliupiga lipu kwa mkono, na vigae vya baraza vilivyoonekana kupitia ukumbi. Mikono yake ilikuwa imetulia.

“Shemeji,” hatimaye alisema, “niazime kalamu.”

“Wewe!” Mtarajiwa alimgeukia. “Fikiri kabla hujaandika.”

“Nimefikiri, mheshimiwa. Umesema mwenyewe, mbele za watu, kwamba huwezi kulala hapa. Sasa mimi ni nani nikulazimishe?”

Bi Rula akampa kalamu na karatasi ya jana; akaiweka juu ya goti, akakata *yupo*, akaandika *hayupo*, akatia sahihi. Kisha akaingia ndani, akatoka na koti la Mtarajiwa na mswaki wake, akamkabidhi kwa mikono miwili, kama inavyompasa mgeni. Bibi afya alipita barazani akafuta duara la chaki bila kuagizwa.

Mtarajiwa alipokwisha kuondoka, ndara mguu mmoja, mguu mwingine mtupu, Bwana Mipango alimsogelea shemeji yake. “Basi yamekwisha, siyo? Mambo ya ndugu.”

“Ya daftari yamekwisha. Barua zako za uongo thelathini na tisa zinakwenda kwa tume ya uchaguzi leo, pamoja na hizi za kukanusha. Utaitwa ujieleze.”

“Shemeji! Mimi?”

“Ulisema mwenyewe, undugu ni undugu, kazi ni kazi. Nitaandika pia kwamba ulizikanusha kwa mkono wako. Hilo litakusaidia, na ni kweli.”

“Peleka, dada,” mkewe alisema kutoka chini ya ukuta. “Akirudi salama, atajifunza kuandika vitu vingine.”

Saa kumi kasoro dakika kumi msimamizi aliingia katika chumba cha karani akitarajia ugomvi. Alikuta ukurasa wa namba kumi na saba una mistari thelathini na tisa, yote imenyooka, na barua thelathini na tisa za kukanusha zimebanwa pembeni. Alifunua, akafunua tena, akakuna kidevu.

“Watu wote hawa, mama, wamekwenda wapi?”

“Makwao, bwana. Wako huko tangu mwanzo.”

Msimamizi alisoma jina la ishirini na nane, akalisoma tena, akakaa kwenye kiti cha wageni bila kukaribishwa. “Unajua kitakachotokea huko juu wakiliona hili?”

“Sijui. Mimi najua kilichomo humu.” Bi Rula aliufungua ukurasa wa mwisho, akausoma mstari wa uthibitisho kwa ukamilifu, neno kwa neno, kana kwamba hakuwahi kuuona. Halafu akatia sahihi, akaipuliza ikauke.